Bamia Nyuma ya Nyumba: Kutoka Mbegu Hadi Sufuria

Bamia ni mboga ya joto. Kwenye ukanda wa pwani kuanzia Tanga hadi Mtwara, na hata Morogoro na Dodoma, hustawi karibu mwaka mzima ilimradi maji yapo. Lushoto au Njombe wakati wa baridi, mbegu inaweza kukaa ardhini mpaka ioze. Ukiishi kwenye joto na una kipande cha ardhi kinachopigwa na jua sehemu kubwa ya siku, hata kiwe na ukubwa wa mkeka wa kulalia, familia inaweza kula mboga yake yenyewe ndani ya miezi miwili.

Kijitabu hiki ni cha kaya, kwa hiyo hakihesabu magunia. Kinafuatilia bamia tangu mbegu inapotoka dukani hadi chakula kinapofika mezani, na kuonyesha mahali ambapo afya ya walaji hulindwa au huharibiwa njiani.

Mbegu

Nunua kwenye duka la pembejeo, pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ambayo haijapita. Aina ya Clemson Spineless inafaa nyumba yenye watoto kwa sababu ina miiba michache, na malaika ya bamia huwasha ngozi. Pusa Sawani nayo ni aina iliyozoeleka.

Kabla ya lolote, zitazame mbegu. Bamia kwa asili ina mbegu za kijivu zenye ukijani. Ukiziona za waridi, nyekundu au buluu, zimepakwa dawa ya kuua ukungu na wadudu. Mbegu hizo zipande kavu, usiziloweke kwenye bakuli la jikoni, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni. Zinazobaki usiwape kuku, wala usiziweke pale mtoto atakapozidhania peremende.

Zisizo na dawa ziloweke usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu, kwa kuwa ganda lake ni gumu. Asubuhi zipande moja kwa moja mahali zitakapokulia. Bamia ina mzizi mkuu mrefu na haipendi kuhamishwa. Chimba sentimita 2, weka mbegu mbili au tatu kila shimo, acha sentimita 30 hadi 40 kati ya shimo na shimo na sentimita 60 kati ya mistari. Kwenye joto la pwani huchomoza ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Miche ikifika urefu wa kiganja, bakiza mmoja wenye nguvu na mingine ikate kwa mkasi, maana ukiing'oa utatikisa mizizi ya ule unaobaki.

Usipande palipotoka nyanya au bilinganya. Minyoo fundo hubaki udongoni, na bamia ni chakula chao kizuri: mizizi huota vinundu, mmea hudumaa. Palipotoka mahindi ni pazuri zaidi. Asiye na ardhi atumie ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, mche mmoja kila ndoo, lakini isiwe ndoo iliyowahi kubeba viuatilifu au mafuta ya mashine.

Samadi na maji

Samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku irundikwe na kuachwa ioze walau miezi mitatu kabla ya kuingia bustanini. Samadi mbichi huunguza mizizi, na tena hubeba bakteria na mayai ya minyoo yanayoishia mikononi mwa watoto. Kinyesi cha binadamu kisitumike kamwe. Vaa viatu unapolima. Ukijikata au kuchomwa na kitu chenye udongo, osha jeraha kwa maji na sabuni, kisha nenda kituo cha afya uulize kuhusu chanjo ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo.

Maji ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Wengi mjini humwagilia kwa maji ya mtaro kwa sababu ni ya bure. Dar es Salaam, watafiti wamekuta metali nzito, risasi ikiwemo, kwenye mboga zilizolimwa kandokando ya mto Msimbazi. Kuchemsha huua vijidudu. Risasi haiondoki kwa moto, na inayoumia zaidi ni akili ya mtoto anayekua. Tumia maji ya bomba, ya kisima au ya mvua. Maji yaliyooshewa mchele na mboga yanafaa pia. Bustani iwe mbali na gereji na mahali panapotupwa betri.

Wanaokinga maji kwenye ndoo na mapipa wayafunike. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama karibu na nyumba, na huuma mchana. Kwa kuwa yai huweza kuwa mbu ndani ya wiki moja hivi, kila wiki mwaga yaliyobaki na usugue kuta za chombo.

Wadudu

Vidukari hujificha chini ya majani. Anza kwa kuwamwagia maji kwa nguvu. Wakirudi, tumia maji ya sabuni kidogo au ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kuchujwa. Fikiria sana kabla ya kununua dawa ya dukani. Bamia huvunwa kila baada ya siku mbili. Dawa ambayo lebo yake inataka usubiri siku saba kabla ya kuvuna itakulazimu kutupa mavuno ya wiki nzima, na kwa ukweli ni nani atatupa? Atawapikia watoto. Ndiyo maana nashauri bustani ya nyumbani ya bamia iendeshwe bila dawa hizo kabisa, hata kama matunda machache yatakuwa na alama za kutobolewa. Tobo likatwe, kinachobaki kiliwe.

Kuvuna na kupika

Ua la manjano lenye kitovu cha rangi nyekundu iliyoiva hufunguka siku moja tu. Siku nne hadi sita baadaye tunda liko tayari, likiwa na sentimita 7 hadi 10. Vunja ncha: ikikatika kwa urahisi, vuna kwa kisu. Likizeeka juu ya mmea, mmea hupunguza kuzaa.

Gramu 100 za bamia mbichi zina nyuzinyuzi takriban gramu 3, vitamini C takriban miligramu 23 na foleti takriban mikrogramu 60. Magadi hulainisha bamia haraka, lakini huharibu vitamini C na kuongeza sodiamu, jambo baya kwa mwenye shinikizo la damu. Bamia changa haihitaji magadi. Dakika chache motoni zinatosha, na nyanya au ndimu hupunguza utelezi kwa wasioupenda. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, iponde na ugali laini. Mjamzito aile, na aendelee na vidonge vya madini chuma na foliki alivyopewa kliniki, kwani bamia peke yake haifikii mahitaji yake.

Wapo wanaoambiwa maji ya bamia yanaponya kisukari. Nyuzinyuzi zake husaidia kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, lakini haziwezi kushika nafasi ya metfomini wala insulini, na kuacha dawa kwa sababu ya glasi ya bamia kunahatarisha maisha. Mgonjwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amweleze daktari anakula bamia kiasi gani, kwa sababu vitamini K iliyomo inagusa kazi ya dawa hiyo. Asianze wala asiache ghafla kuila kwa wingi kabla ya kuzungumza naye.