Habari za Koti la Kike: Jinsi ya Kulichagua na Kulivaa



Mwezi uliopita alinijia mwalimu mmoja kijana, binti wa usharika wetu, akiwa na swali. Ameitwa mjini ili aulizwe maswali ya kazi, naye alikuwa ameweka akiba kidogo kidogo muda wa miezi mitano apate kununua koti, lile waliitalo bleza. Akasema, “Baba Mchungaji, nikikosea sitakuwa na koti wala fedha.” Tena alikuwa na hofu ya pili. Mzee mmoja wa ukoo wao amemwambia ya kuwa koti ni vazi la wanaume, na mwanamke alivaaye ajivunjia heshima. Naliona yafaa maswali hayo mawili yajibiwe mbele ya watu wote, maana najua si yeye peke yake aliye nayo. Wala msistaajabu kwamba mchungaji aandika habari za mshono. Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani, nami nalikua chini ya meza yake nikiokota pini.

Tulijibu kwanza neno la mzee. Najua alikuwa akikumbuka Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, wala simcheki. Lakini Waisraeli wa kale, wanaume na wanawake, wote walivaa kanzu na joho. Basi tofauti ya mume na mke haikuwa katika jina la vazi. Ndivyo ilivyo na koti. Koti la kike lililoshonwa vyema limekatwa kwa umbo la mwanamke: lina nafasi kifuani, limebana kiunoni, na chini limeachia nyonga. Ukilivika mwanaume litamkataa mara moja. Hata vifungo vyake huonyesha ni la nani. Katika koti la kiume vifungo hushonwa upande wa kuume wa mvaaji, na katika la kike upande wa kushoto. Alama hii ikumbukwe na kila aendaye kununua mitumba, maana huko makoti ya kiume na ya kike hulundikwa pamoja, na muuzaji atakuambia lolote.

Tena habari za koti la kike ni za kale kuliko wengi wadhanivyo. Huko Uingereza, katika karne ya 17, mabibi waliopanda farasi walivaa makoti yaliyokatwa kwa namna ya makoti ya wanaume, kwa kuwa gauni la nyumbani halikufaa juu ya tandiko. Mtu mmoja wa London, jina lake Samuel Pepys, aliyekuwa akiandika mambo yake kila siku, aliwaona mwaka 1666 mabibi wa jumba la mfalme wamevaa makoti ya namna hiyo yenye vifungo kifuani. Akaandika kwamba hakupendezwa hata kidogo, na kwamba kama si marinda yao marefu, mtu asingaliwatambua kuwa ni wanawake. Mzee wetu na ajue kwamba ana mwenzake wa miaka zaidi ya mia tatu.

Baadaye, katika miaka ya 1870 na 1880, mshoni John Redfern wa mji wa Cowes, palipo na mashua nyingi za tanga, aliwashonea mabibi makoti na sketi za sufu za kutembelea na kusafiria. Hapo koti la kike likashuka juu ya farasi, likawa vazi la njiani, na mwisho vazi la kazini. Jina la bleza lina habari nyingine. Yasemekana lilianza kwa makoti mekundu ya chama cha wapiga makasia cha Lady Margaret, huko Cambridge, yaliyong’aa mithili ya moto; na neno hilo kwa Kiingereza lahusiana na kuwaka. Mwaka 1954 Coco Chanel alipoifungua tena nyumba yake ya mshono huko Paris, alishona koti fupi na laini, akatia mnyororo mwembamba ndani ya pindo, ili uzito wake ukivute kitambaa kikae sawasawa. Mwaka 1966 Yves Saint Laurent akawavika wanawake koti jeusi la jioni pamoja na suruali, na watu wengi wakanung’unika. Katika miaka ya 1970 Giorgio Armani wa Italia akapunguza vitambaa vigumu vya ndani, koti likawa jepesi mwilini. Ndipo miaka ya 1980 ikaleta mabega mapana yenye mito, na mtindo huo hauishi kurudi.

Sasa tuje kwenye kuchagua, maana hapa ndipo fedha hupotea.

Anza na mabega. Baba yangu alikuwa akisema kwamba koti latundikwa begani, na sehemu nyingine zote ni kitambaa kinachoning’inia. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia, wala usipite. Ukipita, mkono wa koti huanguka na mvaaji huonekana kama aliyeazima. Usipofika, kitambaa hukaza mgongoni na ukosi huinuka shingoni. Simama mbele ya kioo, kisha sukuma bega lako kwenye ukuta: ikiwa mto wa bega unagusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni kubwa. Nawasihi msipite jambo hili upesi. Kiuno hupunguzwa, mikono hufupishwa, vifungo hubadilishwa, lakini bega ni kazi ya kulifumua koti zima, tena mafundi wawezao kazi hiyo ni wachache.

Nayasema haya kwa kuwa nalilipa ada yake. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nalimnunulia mke wangu koti mnadani, la rangi ya damu ya mzee, zuri sana machoni. Mimi mwana wa fundi nalitazama rangi tu, nikalipima kwa mkono wangu mwenyewe! Alipolivaa, mabega yalimpita vidole viwili kila upande. Nikalipeleka kwa fundi mmoja wa mjini, akasema ni kazi ya siku moja. Akafumua, akakata, na aliporudisha mikono ilikunjamana kama nguo ya kufungia mzigo. Fedha ya koti ikaenda, na fedha ya fundi ikaifuata. Mke wangu hakunilaumu kwa neno lolote, ila alilitundika nyuma ya mlango, mahali nilipopaona kila asubuhi.

Mabega yakikubali, funga kifungo na utazame kitambaa kinachokizunguka. Mikunjo ikitoka kwenye kifungo pande nne kama msalaba uliolala, koti labana. Kisha jikumbatie kwa mikono yote miwili, nyosha mkono kama aandikaye ubaoni, na ukae kitini. Wengi hupima koti wakiwa wamesimama kama askari, halafu hushangaa ofisini wanapokaa na kifungo kikaruka. Mkono wa koti uishie kwenye mfupa wa kiwiko cha mkono, pale unapopimwa mshipa. Ukipita hapo waficha kiganja. Ukiwa mrefu usiogope, fundi ataufupisha kwa fedha kidogo, isipokuwa vifungo vya mwisho wa mkono viwe na matundu ya kweli yaliyokatwa, maana matundu hayo hayahamishiki. Urefu wa koti lenyewe usiuguse. Ukilikata chini, mifuko hubaki karibu na pindo, na umbo lote hupotea.

Kitambaa nacho kina maswali yake. Kikamate kwa nguvu ndani ya ngumi, hesabu mpaka kumi, uachie. Sufu nzuri hujinyosha yenyewe. Kitani hubaki na makunyanzi, nayo ndiyo tabia yake, wala si ubovu. Wauzaji wengi husema “sufu tupu” juu ya kila kitu kizito. Wakikuruhusu, chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, uuchome kwa kiberiti mbali na nguo. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Pamba hunuka karatasi. Poliesta huyeyuka ikawa shanga ngumu. Sisemi poliesta ni kitu kiovu. Yavumilia maji, na mwalimu mwenye koti moja la kuvaa siku tano aweza kuihitaji. Lakini bei yake isiwe bei ya sufu, na mtu wa Dar es Salaam au Tanga ajue itamtokesha jasho kabla ya saa nne. Huko pwani heri kitani au pamba, tena lenye bitana nusu, mabegani na mikononi tu. Lushoto au Makete sufu ina kazi yake hasa.

Geuza koti ndani nje. Bitana ionekane na mkunjo mdogo katikati ya mgongo. Mkunjo huo ndio uipao nafasi mikono isogeapo mbele, na fundi mvivu huuacha. Kama kitambaa kina mistari au miraba, tazama kama mistari yakutana mfukoni na katika mshono wa mgongo. Isipokutana, aliyekata alibana kitambaa, na penye ubanifu huo huenda pana mwingine usiouona. Tazama pia sehemu ya kifuani inayokunjwa nje. Ikiwa ina vipovu-vipovu, gundi ya kitambaa cha ndani imeachia, na hakuna pasi itakayoiponya. Katika mitumba, inua makwapa kwenye mwanga. Rangi iliyofifia hapo hairudi, na harufu iliyoingia hapo hurudi kila jua likiwaka.

Wengine watapenda kushonewa la kitenge, na mimi nalipenda sana vazi hilo likishonwa kwa akili. Kitambaa kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, maana pamba husinyaa. Mwambie fundi aanzie maua ya mbele, upande wa kuume na wa kushoto yatazamane. Kazi hiyo hula kitambaa zaidi, basi usinunue kwa kupimiwa kipande kamili. Bila bitana na kitambaa kigumu cha ndani, koti la kitenge ni blauzi yenye ukosi tu.

Katika kuvaa, sheria si nyingi. Koti fupi lifikalo kiunoni lapatana na sketi pana au gauni. Koti refu lifikalo nyongani lapatana na sketi nyembamba au suruali. Ukivaa koti refu juu ya sketi pana, mwili wakatika mahali pasipofaa. Ikiwa gauni lako ni la kitenge chenye maua mengi, koti liwe la rangi moja, nayo itolewe katika maua yale yale, si ile iliyo kubwa, bali ile ndogo iliyojificha. Kwa koti la kwanza, na pengine la pekee, shauri langu ni buluu iliyokoza. Nyeusi huonyesha kila vumbi la barabara zetu, na hufifia upesi juani; buluu iliyokoza hukaa na nyeupe, na kijani, na kahawia, na kitenge cho chote. Wanawake watanipinga hapa, nami nakubali kupingwa.

Kabla ya kulivaa jipya, fumua uzi wenye alama ya X uliofunga mpasuo wa nyuma, na kitambulisho kilichoshonwa juu ya mkono. Vitu hivyo ni vya dukani. Nimeona mabibi wenye heshima wakitembea navyo harusini, wala hakuna aliyethubutu kuwaambia.

Koti la sufu halifuliwi kila lilipovaliwa. Lipigwe brashi, litundikwe kwenye henga pana mahali penye upepo, nalo lipumzike siku moja. Pasi ipite juu ya kitambaa chenye maji, isiguse sufu yenyewe. Nondo hupenda sufu yenye jasho na chakula, basi lisifungwe sandukuni likiwa chafu.

Yule binti alipata koti la buluu katika soko la mitumba, siku ya tatu ya kutafuta, baada ya kuyakataa kumi na moja. Mabega yalikaa sawa. Fundi alifupisha mikono na kupunguza kiuno, na vifungo viwili vilivyovunjika tulivibadilisha kwa vile vya koti la damu ya mzee, ambalo mke wangu alikuwa bado amelihifadhi. Alipovishona hakuniambia neno.

Walimu watakaolisoma somo hili pamoja na akina mama watafute koti moja bovu, la bei ndogo kabisa, na wembe. Wafumue bitana taratibu kuanzia pindo la nyuma, watoe mto wa bega, wakipitishe mkononi kile kitambaa kigumu kila mtu akiguse. Saa moja ya kufumua hivyo yafundisha zaidi kuliko kurasa hizi.