Gharama Zinazofuata Jeraha la Uti wa Mgongo: Kidonda, Kibofu na Mlezi

Makala haya yananuia kudurusu gharama zinazomwandama aliyejeruhiwa uti wa mgongo baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Tunadai kwamba mzigo mkubwa aghalabu si wa ajali yenyewe bali wa madhara yanayoifuata, na kwamba neno gharama, kwa jinsi tunavyolitumia, huficha sehemu kubwa ya mzigo huo.

Kwanza tubainishe istilahi. Katika mazungumzo ya kawaida, uti wa mgongo ni mifupa na pia neva zipitazo ndani yake. Hapa tunarejelea neva. Zinapokatika au kupondeka, mtu hupoteza uwezo wa kusogeza viungo vilivyo chini ya jeraha, na mara nyingi hupoteza hisi pia. Hili la pili ndilo chimbuko la madhara mengi. Sisi tukikaa vibaya huumia, tukajisogeza bila hata kuwaza. Aliyepoteza hisi haambiwi na mwili wake kwamba ngozi ya makalio imebanwa na kunyimwa damu. Kidonda huanza kama doa tu (na katika ngozi nyeusi doa hilo ni gumu kuonekana, sharti ngozi ipapaswe) nacho chaweza kufika mfupani. Hapo pana upasuaji na miezi mingi ya kulala kifudifudi.

Kibofu nacho kisipomwaga mkojo wote, vijidudu huzaliana, maambukizi yakapanda hadi kwenye figo. Kila homa ni safari ya hospitali, dawa na siku za kazi zilizopotea.

Madhara haya yanaweza kuzuiwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka wa 1944, huko Stoke Mandeville, Uingereza, Ludwig Guttmann, daktari aliyeikimbia Ujerumani ya Kinazi, alianzisha kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo. Wakati huo wengi walikufa kwa vidonda na maradhi ya figo. Guttmann aliagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Hata hivyo, ukwasi pekee si kinga: Christopher Reeve, mwigizaji wa Superman aliyeanguka kutoka kwa farasi mwaka wa 1995, alifariki mwaka wa 2004 akiwa anatibiwa maambukizi yaliyotokana na kidonda cha aina hii. Aidha, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2013 kwamba uwezekano wa majeruhi hawa kufa mapema ni mara mbili hadi mara tano ya ule wa watu wengine, hali ikiwa mbaya zaidi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Turejee nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, twasema, lakini michango yetu hujenga kuta. Ni rahisi kuitisha harambee ya upasuaji. Ni nani atakayechapisha kadi za mchango wa kununua mto wa kukalia kitini, au mipira ya kutolea mkojo ya mwezi mmoja? Ufa hauna mvuto wa kukusanya watu.

Isitoshe, kuna gharama isiyo na risiti. Kugeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ni mara 12 kwa siku, yaani mara 4,380 kwa mwaka. Anayegeuza ni mama, mke au dada, naye hawezi kwenda sokoni wala shambani kwa zaidi ya saa mbili. Mtafiti akimwuliza, "Mmegharimika kiasi gani?" atatajiwa bili ya hospitali na nauli, kwa kuwa katika masikio ya wengi kugharimika ni kutoa pesa mfukoni. Kwa maoni yetu, hojaji za Kiswahili kuhusu suala hili zingeanza na maswali mengine: ni kazi gani uliyoiacha, ni nani aliyeacha shule, na usiku uliopita uliamka mara ngapi?