Chagua Chachu Kabla ya Kimea: Mafunzo Niliyopata

Kimea cha shayiri na hopsi huniachia sufuria ya maji matamu yenye uchungu kidogo. Kinachoyageuza kuwa bia ni chachu. Hapa Uingereza ninakoishi, tangu 1963 mtu hahitaji leseni kujitengenezea bia ya kunywa nyumbani, na maduka ya vifaa vya kazi hii huwa na rafu nzima ya pakiti za chachu. Wapishi wengi huifikiria chachu mwisho, baada ya kuhangaikia hopsi. Mimi huanza nayo.

1. Joto la chumba ndilo linaloamua

Chachu nyingi za eli hutulia kati ya nyuzi 18 na 22 za selsiasi. Lakini kuchachuka kwenyewe huzalisha joto, hivyo ndani ya ndoo huwa na nyuzi kadhaa zaidi ya chumbani. Chumba kikifika nyuzi 26, chachu hizo hutoa kileo kikali kinachochoma koo, na hopsi nzuri haziwezi kukificha.

Majira ya joto yakija, mimi hutumia kveik ya Voss. Ni chachu ya mashambani magharibi mwa Norwei, ambayo wakulima wameirithishana vizazi kwa vizazi, wakiikausha baada ya kupika na kuitunza hadi upishi mwingine. Huchachua kwa nyuzi 35 hadi 40 bila ule ukali, na huacha harufu ya machungwa. Mwandishi Lars Marius Garshol amefanya kazi kubwa ya kuitangaza nje ya mabonde yake, nami namshukuru kwa dhati. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ataona mara moja kwa nini chachu hii inamhusu.

2. Gawa upishi mmoja, tia chachu mbili

Hakuna maelezo ya pakiti yaliyonifundisha kama jambo hili. Nilipika maji ya kimea yaliyosoma 1.045 kwenye haidromita, nikayagawa ndoo mbili na kuziweka chumba kimoja. Moja niliitia US-05, chachu ya Kimarekani. Nyingine Windsor, ya Kiingereza.

Ya US-05 ilishuka hadi 1.009, ya Windsor ikakomea 1.014. Kwa hesabu ya kawaida, ya kwanza ilikuwa na kileo cha takriban asilimia 4.7, ya pili asilimia 4.1. Sababu ni kwamba Windsor haili maltotriosi, mojawapo ya sukari za kimea, kwa hiyo sukari hiyo hubaki kwenye bia. Mdomoni tofauti ilikuwa kubwa kuliko tarakimu hizo. Ya US-05 ilikuwa kavu na safi, uchungu wa hopsi ukisimama mbele. Ya Windsor ilikuwa nzito, yenye utamu wa mkate na harufu ya matunda. Kimea kilekile, hopsi zilezile!

Tangu hapo, nikitaka bia nyepesi ya hopsi nachukua US-05. Nikitaka eli nyeusi yenye mwili, Windsor.

3. Ndizi isiyotoka kwenye mgomba

Aliyekulia Kilimanjaro anajua mbege, pombe ya ndizi, na ndizi zake ni ndizi kweli. Chachu za bia ya ngano ya Bavaria hutengeneza harufu ya ndizi na ya karafuu kutoka kwenye nafaka tupu. Joto likipanda kidogo, kwa kawaida ndizi hushinda. Likishuka, karafuu husikika zaidi. Naona ndiyo chachu inayofurahisha kuliko zote, ila usiitie kwenye eli ya Kiingereza.

4. Tazama inavyozama

Chachu ya eli ya S-04 ikimaliza kazi hushikamana na kukaa chini kama tope zito, bia ikabaki angavu. Nyingine huelea kwa wiki kadhaa. Anayejaza chupa bila chujio asilipuuze hili.

5. Soma pakiti ukitafuta neno diastaticus

Baadhi ya chachu za bia ya saison ni za jamii hii. Zina kimeng'enya kinachovunja hata wanga ambao nyingine huuacha, hivyo bia huendelea kuchachuka polepole. Mabaki yake kwenye mpira au bomba yakiingia kwenye upishi mwingine, chupa zinaweza kupasuka na kumjeruhi mtu. Mimi huzitengea vifaa vyake.

6. Hamira ya mkate ibaki jikoni

Ni spishi moja na chachu ya eli, Saccharomyces cerevisiae, na kileo italeta. Lakini imechaguliwa kwa ajili ya kuumua unga, na mara nyingi bia yake hubaki na ukungu na ladha ya unga. Tena huna sababu ya kuitumia: pakiti ya gramu 11 ya chachu ya eli hutosha lita 20 za bia ya kawaida.

Kama unaanza, nunua pakiti mbili tofauti na ndoo mbili, upike mara moja. Andika joto la kila siku, na uonje zote mbili siku moja.