Meli Iliyopita Nchi Kavu, na Habari za Injini Zake

Reli ya Kati hutoka Dar es Salaam, ikapanda kwenye vilima vya Pugu karibu na Kisarawe, ikapita Soga na Ruvu, kisha ikashika njia ya bara hata ifike Kigoma, mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Zamani za utawala wa Wadachi, karibu na mwanzo wa vita vya 1914, magari ya moshi yalipita katika njia hiyo yakichukua masanduku mengi sana. Hesabu yake yote ilikuwa 5,000. Mtu aliyesimama kando ya reli asingeweza kujua kilichomo ndani. Ilikuwa meli nzima, yenye urefu wa meta 71, nayo ilikuwa ikisafiri nchi kavu.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, nchi ya Ujeremani, ili ifanye kazi katika Ziwa Tanganyika. Lakini hakuna mto wala mfereji utokao baharini uwezao kuifikisha meli kubwa katika ziwa lile. Basi mafundi walipokwisha kuiunda waliifungua tena, kipande kwa kipande, wakavitia vipande katika masanduku. Masanduku yakapakiwa melini hata Dar es Salaam, na kutoka hapo yakapelekwa kwa reli. Mafundi watatu wa kiwanda kile walikuja pamoja nayo. Huko Kigoma vipande viliunganishwa upya, na tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa majini. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen.

Haikukaa sana kazini. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wabelgiji yalikuwa yakikaribia, na Wadachi hawakutaka meli yao ishikwe na adui. Wakaamriwa kuizamisha. Mtu mwenye hasira angaliweza kuitia baruti na kuivunja, lakini mafundi wale hawakufanya hivyo. Walizipaka injini zake grisi kwa wingi, ili maji yasipate kukigusa chuma na kukitia kutu. Ndipo tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha taratibu karibu na mahali mto Malagarasi uingiapo ziwani. Walitumaini ya kuwa siku moja wataiinua tena.

Aliyeiinua akawa mtu mwingine. Mwaka 1924, Waingereza walipokuwa wakitawala Tanganyika, meli ile ilitolewa majini. Ilikuwa imelala chini ya maji miaka mingi. Walipozifungua injini waliona bado zafaa, kwa sababu grisi ilikuwa imefanya kazi yake. Meli ikatengenezwa, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lile.

Injini hizo za kwanza zilikuwa za mvuke. Katika injini ya namna hiyo moto huwashwa chini ya birika kubwa la chuma liitwalo boila. Maji yakichemka, mvuke hukazana ndani, kisha hupelekwa kwa bomba na kuisukuma pistoni mbele na nyuma. Pistoni huuzungusha mtaimbo mrefu, na mtaimbo huizungusha rafadha, yaani lile panga lililo majini nyuma ya meli. Nguvu hizo ni nyingi, lakini gharama yake ni kubwa pia. Boila ni zito, maji yake ni mazito, tena wachochezi wa moto lazima wawepo mchana na usiku. Meli haiwezi kung'oa nanga kabla maji hayajachemka, na kazi hiyo huchukua saa nyingi.

Katika miaka ya 1970 injini za mvuke za Liemba zilitolewa, zikatiwa injini za dizeli badala yake. Injini ya dizeli haina boila. Mtu aliyeitengeneza kwanza ni Mdachi, Rudolf Diesel, na ilifanya kazi vizuri mwaka 1897. Pistoni huibana hewa kwa nguvu nyingi hata ikawa moto sana, kisha mafuta hurushwa ndani ya hewa hiyo, nayo huwaka yenyewe bila cheche. Huanza kazi kwa muda mfupi tu, wala haihitaji wachochezi.

Je, kubadili injini ni kuitoa moja na kuitia nyingine tu, kama mtu avuavyo kanzu na kuvaa nyingine? Sivyo hata kidogo. Fundi mwenye akili, kabla hajafungua bolti moja, hujiuliza mambo manne.

La kwanza ni uzito. Kila chombo huelea kwa kuyasukuma kando maji yenye uzito ulio sawa na uzito wake chenyewe. Jambo hili liligunduliwa na Arkimede wa Sirakusa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Injini mpya ikiwa nzito kuliko ya zamani, chombo kitazama zaidi, na ukingo wake utayakaribia maji. Ikiwa nyepesi, chombo kitapanda juu, na huenda kikawa rahisi kupinduka, maana ule uzito wa chini uliokikalisha imara umeondoka. Kwa hiyo mabaharia hutia farumi ndani ya jahazi lisilo na shehena.

La pili ni mahali. Uzito ukiwekwa mbele mno, omo itainama. Ukiwekwa nyuma mno, tezi itazama. Ukiwekwa upande mmoja, chombo kitalala upande huo.

La tatu ni mwendo wa kuzunguka. Injini ya mvuke ya meli huzunguka polepole, na injini nyingi za dizeli huzunguka upesi. Rafadha ikizungushwa upesi kupita kiasi huyavuruga maji tu bila kukisukuma chombo. Kwa hiyo meno ya gia huwekwa katikati ili kupunguza mwendo.

La nne ni joto na pumzi. Injini lazima ipate hewa ya kuvuta, na njia ya kutoa moshi wake, na maji ya kuipoza. Ikikosa mojawapo, itakufa.

Mwanafunzi aweza kuyaona mambo mawili ya kwanza kwa macho yake. Twaa kopo la samli lililo tupu, uliweke katika beseni la maji, lisimame. Litia jiwe dogo katikati, utie alama mahali maji yafikapo. Sasa litoe lile jiwe, utie jiwe kubwa zaidi. Alama ya kwanza itazama. Kisha lisogeze jiwe hata ubavuni mwa kopo. Kopo litainama, na pengine maji yataingia na kulizamisha, ingawa uzito haukuongezeka hata kidogo. Fundi asiyefanya jaribio hilo kwa kopo huenda akalifanya kwa chombo chenye watu ndani.

Kuna chombo kingine ambacho kazi hii ni ngumu kwake kuliko kwa meli, nacho ni gari liendalo nchi kavu na majini. Katika vita vya 1939 hata 1945 Wamarekani walitengeneza magari ya namna hiyo kwa maelfu, yakiitwa DUKW. Lilikuwa lori lenye magurudumu sita, urefu wake meta 9 na zaidi, na mwili wake uliumbwa kama mashua. Nyuma lilikuwa na rafadha. Injini moja, ya lori la kawaida, iliyazungusha magurudumu barabarani na kuizungusha rafadha majini. Barabarani liliweza kwenda kilometa 80 kwa saa. Majini mwendo wake ulikuwa kama kilometa 10 tu, maana maji hukizuia chombo kuliko hewa.

Injini ya gari hilo hutumikia mabwana wawili, na mtu atakaye kuibadili lazima awaridhishe wote wawili. Barabarani injini nzito si hatari kubwa, kwa kuwa magurudumu na springi huubeba uzito. Fundi aliyezoea malori huweza kudanganyika hapo. Atia injini kubwa, alijaribu gari barabarani, aliona lapanda milima kwa nguvu, naye afurahi. Lakini barabara haikumwambia neno lolote juu ya maji.

Basi na apige hesabu. Ikiwa gari lina umbo la sanduku, urefu wa meta 4 na upana wa meta moja na nusu, eneo la chini ni meta za mraba 6. Injini mpya ikizidi ile ya zamani kwa kilo 120, gari litazama sentimeta 2 zaidi. Sentimeta 2 si nyingi. Lakini uzito huo wote ukikaa mbele, omo itashuka kuliko tezi, na wimbi dogo la mtoni litaruka ndani. Tena kila tundu lililotobolewa kwa ajili ya mitaimbo na mabomba ni mlango wa maji. Lazima lizibwe vema, na pampu ya kuteka maji ya ngama iwe tayari. Na hewa je? Mwili wa gari hilo umefungwa kama mtungi ili maji yasiingie, kwa hiyo upepo wa kuipoza injini nao hauingii kwa urahisi. Injini yenye nguvu zaidi hutoa joto zaidi, na huweza kuzimika mtoni, mahali ambapo dereva hawezi kushuka na kusukuma.

Faida ya kazi iliyofanywa vema yaonekana kwa Liemba. Mwaka 2015, meli ikiwa na umri wa zaidi ya miaka 100, watu wengi wa Burundi walizikimbia fujo za kwao, wakajikusanya Kagunga, kijiji kidogo kilicho ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mpakani mwa Tanzania. Milima iliwazuia nyuma, na maji mbele. Ugonjwa wa kipindupindu ukaingia kati yao. Liemba ikaenda na kurudi, safari baada ya safari, ikiwachukua mpaka Kigoma. Watu wale hawakuuliza ni nani aliyeipaka grisi mwaka 1916, wala ni nani aliyepima uzito wa injini za dizeli. Walipanda, wakavuka, wakapona.

Masanduku yaliyopita Pugu yalikuwa vyuma tu. Waliovifanya kuwa meli, na kuidumisha miaka mingi hivyo, ni mafundi wa mataifa mbalimbali ambao wengi wao hawakuonana. Kila mmoja alifanya sehemu yake kana kwamba yuko atakayekuja baada yake. Haraka haraka haina baraka. Naye apimaye kabla ya kukata hakati mara mbili.

MASWALI

1. Kwa nini meli ilifunguliwa vipande vipande kabla ya kuletwa Tanganyika?
2. Mafundi walifanya nini kabla ya kuizamisha meli, nayo ilifaa nini baadaye?
3. Taja mambo manne ambayo fundi hujiuliza kabla ya kubadili injini ya chombo.
4. Chombo chenye umbo la sanduku kina urefu wa meta 5 na upana wa meta 2. Kikiongezwa mzigo wa kilo 300 katikati, kitazama sentimeta ngapi zaidi?
5. Kwa nini kulijaribu barabarani gari la nchi kavu na majini hakutoshi?