Mpambe Mwenye Kilomita 21 za Kukimbia

Mdogo wangu uliyejiandikisha kwa nusu marathoni ya mwezi wa kumi, na kabla hujanunua hata viatu rafiki yako wa tangu darasa la kwanza akakupigia simu kwamba koito, yale mazungumzo ya mahari, imekwisha salama, tarehe ya kanisani imepatikana na anakutaka uwe mpambe wake, vuta kiti tuongee. Najua hauko peke yako. Huku kwetu Kapkatet bonasi ya chai huingia karibu na mwezi wa kumi, na ikishaingia, harusi zilizosubiri mwaka mzima hupata tarehe. Mbio kubwa za Nairobi, zile za Standard Chartered zilizoanza mwaka 2003, nazo kwa kawaida huwa mwezi huohuo. Kwa hiyo kila mwaka kuna wasichana wa Litein, Roret, Mogogosiek na hapa Kapkatet ambao mambo haya mawili huwakuta kwa pamoja.

Mnaponiuliza, mnauliza viatu na nauli. Mimi nataka kuanza na sahani yako.

Acha kujinyima chakula kwa sababu ya lile gauni. Najua mambo yanavyoanza. Fundi amepima viuno, kundi la WhatsApp la wapambe limechangamka, mmoja anasema ameacha ugali, mwingine anashinda na maji ya ndimu mpaka jioni. Na wewe, unayeamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia, unaona aibu kuwa ndiye pekee anayekula viazi vitamu asubuhi. Kula viazi vyako. Wenzako wanajiandaa kusimama kanisani na kupigwa picha. Wewe unajiandaa kwa kilomita 21 na mita 97, na baada ya hapo nawe utasimama kanisani na kupigwa picha.

Mwili unaokimbia kila wiki bila kulishwa huanza kubana matumizi. Hedhi huvurugika, kisha hukatika. Usingizi hupungua, mafua hayaishi, na mifupa hudhoofika polepole mpaka siku moja muundi wa mguu unauma mahali pamoja tu, unakwenda kupigwa picha, unaambiwa mfupa umepata ufa. Jambo hili ni zito kiasi kwamba mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu wanariadha wasiopata nishati ya kutosha kwa kazi wanayoifanya. Wanaosumbuliwa nalo si mabingwa peke yao. Msichana anayefanya kazi dukani, anakimbia asubuhi na kuruka chakula cha mchana ili gauni limkae, naye yumo. Kwa hiyo hedhi ikikatika miezi mitatu na huna mimba, usishangilie kwamba umepumzika na pedi. Nenda hospitali, hapa Kapkatet ipo, ueleze kwamba unafanya mazoezi ya mbio na ueleze kwa ukweli unachokula.

Ukiwa hukohuko omba upimwe damu. Wanawake wengi wana upungufu wa damu bila kujua. Mtu anahema kwenye kilima anachokipanda kila siku, anajiita mvivu, kumbe ni madini ya chuma yamepungua. Na hapa ndipo sisi watu wa nchi ya chai tunahitaji kuambiana ukweli. Chai tunayoichuna, tunayoiuza na tunayoipenda, ukiinywa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharagwe, ndengu na mboga za majani. Kutia maziwa hakuondoi tatizo hilo. Sikwambii uache chai. Nani huku angekubali? Isogeze tu. Kula ugali wako na managu au sagaa, kamulia ndimu kwenye mboga au maliza na chungwa, maana vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Subiri kama saa moja au zaidi, kisha unywe chai yako kwa raha zote. Anayeweza kupata omena au nyama hata mara chache kwa wiki atakuwa amejisaidia sana.

Mchai ukichunwa kila baada ya siku chache bila kutiwa mbolea, kila mkulima anajua mavuno yatakavyokuwa. Miguu yako nayo inachunwa.

Kuhusu gauni lenyewe, zungumza na fundi mapema. Mwambie unafanya mazoezi, kwamba mapaja na makalio huenda yakabadilika kidogo, na umwombe aache kitambaa cha akiba ndani ya mshono, vidole viwili hivi kila upande. Kwa fundi hiyo ni kazi ndogo kabisa. Jaribio la mwisho lifanyike wiki ya harusi, si miezi miwili kabla. Ni gauni linalopaswa kurekebishwa likufuate wewe.

Sasa mbio. Hapa nitakwenda haraka, maana ushauri wa mazoezi umejaa kila mahali na mwingi unafanana. Kama tayari unaweza kukimbia nusu saa bila kusimama, majuma kumi na mawili yanatosha. Siku tatu au nne kwa wiki, moja kati yake iwe ya mbio ndefu, ambayo unaongeza kidogo kidogo kutoka kilomita nane mpaka kumi na sita au kumi na nane. Kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza na mwenzako sentensi nzima. Wiki mbili za mwisho punguza, hata kama unajisikia una nguvu za kubomoa ukuta. Mbio ndefu usiifanye siku moja baada ya kukesha kwenye kikao cha kamati.

Kinachowaumiza wengi wenu, hata hivyo, si kilomita. Ni maneno. Ukitoka huku, kila mtu anategemea ushinde. Hapa Kericho ndipo alipotoka Wilson Kiprugut, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, na jina lake bado linatajwa mezani. Kwa hiyo ukisema umemaliza nusu marathoni kwa saa mbili na nusu, kuna mjomba atakayekuuliza wenzako walikuwa wameshafika nyumbani? Msamehe, kisha umfahamishe. Peres Jepchirchir, bingwa wa dunia wa nusu marathoni mara tatu, Cardiff 2016, Gdynia 2020 na Riga 2023, alikimbia kule Gdynia kwa saa moja, dakika tano na sekunde kumi na sita. Hiyo ndiyo kazi yake, na maisha yake yote ya kila siku yamepangwa kuizunguka. Wewe asubuhi uko kazini na jioni uko kwenye kamati ya harusi. Saa mbili na nusu, hata saa tatu, ni mbio halali, na medali ya kumaliza utavalishwa.

Una faida moja ambayo mtu wa Mombasa hana. Nyanda zetu ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko chini yetu kidogo, kwa hiyo hewa ya kule haitakutisha. Vilima pia unavijua. Lakini kuwa mwangalifu na barabara yetu ya lami, ile itokayo Litein kupitia Kapkatet kwenda Sotik. Lori za majani chai na matatu hazikutarajii kwenye kona, hasa ukungu ukiwa umeshuka. Kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia, vaa kitu cheupe au chenye kung'aa, na kama kuna njia ya vumbi katikati ya mashamba ya chai, afadhali hiyo. Usikimbie peke yako gizani. Tafuta mwenzako, hata kama ni mdogo wako wa kiume juu ya baiskeli. Mvua zetu nyingi hunyesha mchana na jioni, kwa hiyo asubuhi ndiyo yako.

Na rafiki yako je? Hapa ndipo barua nyingi hunifikia zikiwa na machozi. Bibi harusi anasema, "Kumbe mbio zina maana kuliko mimi." Mpambe anasema, "Haoni ninavyojitahidi." Mara nyingi ukitazama kwa makini, hakuna aliyemwambia mwenzake kitu kwa wakati. Msichana anajiandikisha mbio kimya kimya, anakwepa vikao viwili, anaondoka mapema siku ya kwenda kuchagua vitambaa, na rafiki yake anabaki kubahatisha. Mwendee. Usimtumie ujumbe, mwendee nyumbani kwao, umsalimu mama yake vizuri, mkae jikoni mmenye viazi, umwambie: "Mwezi huu wa kumi nakimbia mbio yangu ya kwanza. Harusi yako naitaka kwa moyo wangu wote. Nipe kazi zinazoweza kufanyika mapema."

Kazi hizo zipo nyingi, na ndizo zinazomliza bibi harusi kwa sababu hakuna anayezitaka. Kufuatilia waliosema watachanga. Kumpigia mwenye hema na viti. Kwenda na fundi sokoni. Kuandika majina ya wazee watakaotoka kijiji cha mbali na kupanga nani atawaleta. Chukua hizo, uzimalize, umpe taarifa bila kusubiri kuulizwa. Mpambe aliyemwondolea rafiki yake mzigo kama huo mwezi mzima kabla, nani atamlaumu kwa kuaga saa tatu usiku kwenda kulala?

Mimi mwenyewe nusu marathoni yangu ya kwanza ilitangulia kidogo harusi ya rafiki yangu, na kinachonijia hadi leo ni mama yake. Nilipofika kwao nikichechemea, alinikalisha kando ya jiko, akachukua sotet, kibuyu cha maziwa, akaitikisa kwa mikono miwili, akafungua kifuniko na kumimina mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kikombe cha bati. Ilishuka nzito, ya kijivu, yenye vichembe vyeusi vya mkaa vikielea juu. Alinitazama mpaka nikamaliza. Hakuuliza nilikuwa wa ngapi. Aliuliza kama wale wa Nairobi walinipa chakula. Watu wa huku huwapokea mabingwa uwanja wa ndege kwa mursik na shada la mmea wa sinendet shingoni, lakini kile kikombe kilinitosha, na tangu siku hiyo mama yule akanihesabu kama wa nyumbani, ndani ya kazi zote za harusi.

Ila mursik inywe baada ya mbio. Asubuhi ya mbio tumbo lina wasiwasi wake, na maziwa ya mgando kilomita ya tano si ya kujaribu. Kula ulichozoea kula kabla ya mbio zako ndefu, mkate au ndizi, kama saa mbili kabla ya kuanza. Usivae soksi mpya. Paka mafuta ya mgando mapajani na chini ya mikanda ya sidiria, utanishukuru bafuni.

Tarehe nazo zitazame kwa macho makavu. Harusi zetu ni Jumamosi, mbio nyingi ni Jumapili. Mbio ikitangulia wiki mbili au zaidi, hiyo ndiyo bora kuliko zote: utapumzika, miguu itarudi, na siku ya harusi utacheza mpaka mama mkwe ajue jina lako. Harusi ikitangulia wiki moja, bado inawezekana, ila viatu virefu vivue mara baada ya kanisani. Weka raba safi au ndala nzuri ndani ya gari la maharusi, kwa sababu kisigino kilichoinuliwa siku nzima huacha misuli ya nyuma ya mguu ikiwa imekaza kwa siku kadhaa.

Lakini kama harusi ni Jumamosi hapa Kapkatet na mbio ni Jumapili alfajiri Nairobi, mdogo wangu, iache mbio. Kuna wanaoniambia watatoka kwenye sherehe saa mbili usiku, wapande gari kupitia Bomet na Narok, zaidi ya kilomita 200, wafike usiku wa manane na waamke kukimbia. Hapana. Barabara ile usiku, mwili uliosimama siku nzima, halafu kilomita 21 za kwanza maishani mwako? Mbio zitarudi mwakani, na kabla ya hapo kuna nyingine: Lewa kule Meru kwa kawaida mwezi wa sita, na ukiwa na nauli ya kuvuka mpaka, Moshi kuna mbio za Kilimanjaro mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, nazo zina nusu marathoni. Mazoezi uliyokwisha kufanya hayapotei. Endelea na mbio zako ndefu kila baada ya wiki mbili na utafika huko ukiwa na miguu imara kuliko ya sasa.

Wengine mmeniuliza kama medali inaweza kuvaliwa kwenye sherehe. Iache nyumbani, siku ile kila jicho liwe kwake. Akikuomba mwenyewe uilete mpige picha pamoja, hapo ilete.

Wenye harusi za Desemba niandikieni sasa hivi. Nitajieni tarehe ya mbio, tarehe ya harusi na kazi mliyopewa kwenye kamati, maana nyinyi bado mna nafasi ya kubadilishana kazi na wenzenu kabla orodha haijafungwa.