Kufundisha Seli Shina kwa Njia ya Somo la Damu

Mwanachuo anayepelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za Kibaha au Kisarawe, akifundisha somo la damu, hatakosa kuulizwa swali hili: damu ikimwagika, nyingine hutoka wapi? Jibu jepesi ni kwamba damu hutokana na chakula. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu tu. Chakula ni malighafi. Aliye kiwandani hajatajwa.

Inafaa nusu ya pili ifundishwe, tena kwa uangalifu, kwa sababu ya ugonjwa wa selimundu ambao watu wengi huuita sikoseli. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka nchini Tanzania. Mwalimu wa Mkoa wa Pwani aingie darasani akijua kwamba huenda mmoja wao ameketi mbele yake, na kwamba neno lolote atakalolitamka litafika nyumbani kwa mtoto huyo jioni ileile.

Kiini cha somo

Seli nyekundu ya damu huishi kwa siku 120 hivi. Haina kiini ndani yake, na kwa hiyo haiwezi kujigawa ili kuzaa nyingine. Mpya zote hutengenezwa katika uloto, yaani ile nyama laini iliyomo ndani ya mfupa ambayo watoto hupenda kuifyonza katika mchuzi. Kwa mtu mzima kazi hiyo hufanyika hasa katika mifupa ya nyonga, kidari na uti wa mgongo. Humo zimo seli chache zenye uwezo wa aina mbili: kujigawa na kubakiza nyingine iliyo kama zenyewe, na kuzaa seli za namna nyingine, nyekundu, nyeupe na zile zinazosaidia damu kuganda. Hizo ndizo seli shina za damu. Till na McCulloch wa Toronto, nchini Kanada, walitoa ushahidi wa kuwapo kwake mwaka 1961 kwa kuchunguza panya.

Neno "shina" lenyewe ni kifaa cha kufundishia. Wiki mbili kabla ya somo, mwalimu awaagize wanafunzi kuleta mhogo kutoka shambani: jani moja na pingili moja ya mti wake. Vyote viwili vichomekwe katika kopo lenye udongo na kumwagiliwa maji. Siku ya somo pingili itakuwa imechipua na jani limenyauka. Hapo wanafunzi waulizwe: seli nyekundu ni kama jani au ni kama pingili? Watajibu wenyewe, na jibu walilolipata kwa macho yao halitawatoka upesi.

Lakini mfano huu una mpaka, na mwalimu auseme. Pingili ya mhogo huzaa mmea mzima. Seli shina ya damu huzaa damu tu. Seli zinazoweza kuzaa kila namna ya seli ya mwili hupatikana katika kiinitete cha siku chache, na mwaka 1998 James Thomson wa Marekani alifaulu kuzikuza za binadamu katika maabara. Matumizi yake yamezua mabishano, kwa kuwa kiinitete huharibiwa. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alizirudisha seli za kawaida za panya katika hali inayofanana na hiyo, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Kwa shule ya msingi hayo yanatosha kutajwa tu.

Kutoka shina hadi ugonjwa

Katika selimundu seli nyekundu hupinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali, na huishi siku 10 hadi 20 tu. Uloto hujitahidi lakini haufikii mahitaji, na mtoto hupungukiwa damu.

Kurithi kufundishwe kwa maharage. Wekeni makopo mawili, moja la baba na jingine la mama, kila moja likiwa na punje moja nyekundu na moja nyeupe. Mwanafunzi achote punje moja kutoka kila kopo bila kutazama, aandike alichopata, kisha azirudishe. Punje mbili nyekundu ndizo ugonjwa. Darasa likichota mara nyingi litaona kuwa hutokea karibu mara moja katika kila nne. Mwalimu asisitize kule kurudisha punje, maana wako wazazi wanaodhani kwamba aliyetangulia akiwa mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo, kila uzazi huanza upya. Tena makopo yalikuwa mawili: lawama anayotupiwa mama peke yake haina msingi. Zoezi liishie kwenye makopo, na mwanafunzi asiulizwe habari za damu ya nyumbani kwao.

Kwa nini hali hii ni ya kawaida kwetu? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa mwenye punje moja tu nyekundu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Basi pale mbu alipotawala, punje hiyo ilidumu. Mwanafunzi wa Kibaha, ambaye mjini kwao kuna kiwanda cha viuadudu vya kuulia viluwiluwi vya mbu, ataelewa uhusiano huo upesi kuliko wengine.

Tiba, na ahadi za uongo

Ikiwa kosa limo katika shina, dawa ni kubadili shina. Mgonjwa hupewa dawa kali za kuuondoa uloto wake, kisha hutiwa seli shina za mwingine kwa njia ya mshipa, kama anayeongezwa damu, nazo hujipeleka zenyewe hadi ndani ya mifupa. E. Donnall Thomas wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi ya namna hii. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kwa watoto wenye selimundu.

Mtoaji anayefaa zaidi ni ndugu wa baba na mama mmoja. Nafasi ya ndugu mmoja kulingana kabisa na mgonjwa ni 1/4, na nafasi ya kutokuwa mgonjwa yeye mwenyewe ni 3/4, kwani mwenye punje moja nyekundu aweza kutoa. Zidisheni: 3/16. Hesabu hii ya sehemu inaeleza kuliko hotuba ndefu kwa nini wengi hawampati mtoaji. Gharama na hatari za tiba yenyewe ni kikwazo kingine. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha seli shina za mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Kwa hiyo watoto wetu wengi wanategemea dawa ya haidroksiyurea, asidi ya foliki, chanjo na kinga ya malaria, nazo husaidia sana.

Ziko pia poda na vidonge vinavyouzwa kwa jina la seli shina. Hapa mwalimu aseme bila kumung'unya maneno: kinachomezwa husagwa tumboni kama ugali, hakiendi kuwa uloto. Mzazi aliyeuza korosho zake kununua poda hiyo amenyang'anywa nauli ya kliniki.

Darasani, mtoto mwenye selimundu aruhusiwe kunywa maji na kwenda haja kila anapohitaji, asikimbizwe hadi kuchoka, asiachwe kwenye mvua na baridi, wala asiadhibiwe kwa kusinzia au kwa siku alizolazwa. Akipata homa asisubiri kengele ya mwisho, kwa kuwa wengu wake mara nyingi umekwisha dhoofika na hauwezi kumkinga. Mzazi aitwe, na mtoto afikishwe hospitali siku hiyohiyo.