Maharage yanayotambaa na upepo wa ziwani

Swali: Nina bustani ndogo Buhare, Musoma. Maharage yangu yanayotambaa niliyasimikia mabua ya mahindi, yakaanguka yote yalipoanza kutoa maganda. Nifanyeje?

Jibu: Mabua huvumilia maharage mafupi tu. Mche unaotambaa hupita mita 2, na alasiri upepo wa ziwani huusukuma kama tanga. Tafuta fito kavu za mita 2 na nusu, uzichimbie sentimita 40 ardhini, kisha funga vichwa vya fito 4 pamoja kwa kamba ya katani, mfano wa kibanda. Zisimike siku ya kupanda mbegu. Ukichelewa utakata mizizi.

Fito mbichi huota majani na kunyang'anyana maji na maharage. Mnyaa usiuguse kabisa, utomvu wake huunguza macho. Mchwa wakikusumbua, kagua vitako vya fito kila wiki.

Mche ukikosa njia, uelekeze kinyume cha saa, ukitazama kutoka juu. Ukiuzungusha vingine utajifungua wenyewe, mkaidi huyo!

Ila maharage haya hupenda baridi ya milimani. Joto likiyapukutisha maua, jaribu fiwi kwenye fito zilezile.